SOMO LA 14: MKATE WA MBOGA WA ASUBUHI

Mtoto aendaye shuleni bila kula, macho yake yako ubaoni, bali akili yake iko jikoni. Wengine hunywa chai na kula mkate mtupu. Hivyo ni afadhali kuliko njaa, lakini havitoshi. Mkate hutia mwili nguvu za kazi. Vitamini C haimo ndani yake, wala mwili wa mwanadamu hauwezi kuifanya wenyewe.

Mabaharia wa zamani waliujua upungufu huo kwa taabu. Walikaa baharini miezi mingi wakila mikate mikavu na nyama ya chumvi, hata ufizi ukavimba na kutoka damu, na wengi wakafa. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa merikebu ya Kiingereza, alitwaa wagonjwa 12, akawagawanya wawili wawili, akawapa kila wawili dawa yao. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kupita wenzao. Nyanya nayo ina vitamini hiyo. Moto huipunguza, kwa hiyo yafaa tule mboga nyingine mbichi.

Lakini mboga mbichi ina hatari yake. Mayai ya minyoo hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi cha watu, nayo ni madogo hata jicho haliyaoni. Ukiyameza, minyoo hukua tumboni mwako, na mmoja huweza kupita urefu wa sentimeta 20. Basi usiipuuze kazi ya kuosha.

Vitu vitakiwavyo kwa watoto wawili: vipande 4 vya mkate, nyanya 2, karoti 1, kitunguu nusu, parachichi bivu 1, limau nusu, na chumvi kidogo.

Namna ya kufanya:

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Sugua mboga kwa maji safi yanayomiminwa. Menya karoti na kitunguu, kisha suuza vyote kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

3. Ponda parachichi pamoja na chumvi na maji ya limau. Limau hulizuia lisigeuke jeusi upesi. Mafuta ya parachichi hushika mahali pa siagi, tena huusaidia mwili kupata vitamini A kutoka katika karoti, ifaayo macho.

4. Kata nyanya na kitunguu vipande vyembamba. Acha nyanya zichuruzike, mkate usilowe.

5. Paka parachichi juu ya mkate, panga nyanya na kitunguu, kisha nyunyiza karoti iliyokunwa. Usifunike kwa kipande kingine. Hivyo mboga zitakuwa nyingi na mkate utatosha watu wengi.

6. Kula papo hapo. Ukiuandaa tangu usiku, mkate hulowa na mboga huharibika.

Nyumbani kwenu kama hapana mkate, msihuzunike. Mboga hizi hufaa vilevile juu ya kiazi kitamu au muhogo uliochemshwa.

MASWALI

1. Kwa nini mkate na chai tu havitoshi?

2. James Lind alijuaje ya kuwa machungwa na malimau ndiyo yaliyofaa?

3. Mayai ya minyoo hufikaje katika mboga, nasi twayaondoaje?

4. Taja mboga za shamba la kwenu ziwezazo kuliwa mbichi.