Somo la Kilimo: Mvua ya Ugogo na Siku Zake

Watu wengi husema kwamba nchi ya Ugogo haina mvua. Neno hilo si kweli. Mvua ya Dodoma kwa mwaka wa wastani yakaribia milimita 600, nayo haipungui sana kuliko ile ya mji wa London, ambako majani ni mabichi karibu mwaka mzima. Basi tofauti yake ni nini? Mvua ya London hugawanyika katika miezi yote 12, na jua la huko si kali. Mvua ya Dodoma karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, mara nyingi kwa ngurumo na kwa nguvu, na jua hukausha upesi sehemu kubwa ya maji hayo. Kwa hiyo haimtoshi mkulima kuuliza mvua itakuwa kiasi gani. Yampasa kuuliza pia itanyesha siku zipi, na kati ya mvua na mvua zitapita siku ngapi.

Sababu yake ni hii. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Mahali palipo karibu na ikweta, kama Kilimanjaro na pwani ya kaskazini, ukanda huo hupita mara mbili, kwenda na kurudi; ndiyo vuli na masika. Katikati ya Tanzania hufika mwezi wa Desemba, na kufikia Mei umekwisha ondoka, na pepo za kusi huleta hewa kavu. Basi Ugogo ina msimu mmoja tu. Apotezaye mbegu zake hana vuli ya kumponya.

Tena katika msimu huo mmoja mna hatari. Mara nyingi mwezi wa Januari au Februari mvua hukatika kwa majuma mawili au zaidi. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, magunzi hubaki na punje chache, na mvua ya baadaye haiyaponyi. Mtama hukunja majani yake ukangoja, na mvua irudipo huendelea kukua. Uwele hustahimili kuliko mtama.

Twajua kwa nini watu hupenda mahindi. Ganda lake huzuia kwelea, lakini mtama hushambuliwa nao makundi kwa makundi. Sababu hiyo si ya upuuzi. Lakini ndege waweza kuwekewa mlinzi; ukame hauwekewi mlinzi.

Na asidhani mtu kwamba mashine zitamwokoa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Kongwa kwa matrekta mengi. Mvua zilipungua, udongo ukakauka ukawa mgumu mno, na mwaka 1951 mpango uliachwa, hasara ikiwa pauni zipatazo milioni 36.

Basi twawashauri wasomaji wetu haya:

Kwanza, mkulima agawe shamba lake. Sehemu kubwa iwe ya mtama na uwele. Mahindi yapandwe bondeni, penye unyevu.

Pili, asimalize mbegu zote kwa mvua ya kwanza, maana huenda ikadanganya. Aweke akiba ya kupandia tena.

Tatu, matuta yakingame mteremko, na mifereji iliyo kati yake izibwe kwa udongo hapa na pale, ili maji yasimame yakazame.

Nne, waalimu wawafundishe watoto kupima mvua. Kopo lenye kuta zilizonyoka liwekwe mahali pa wazi, na kila siku saa tatu ya asubuhi maji yapimwe kwa rula, yaandikwe daftarini, kisha yamwagwe. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba.

Baada ya miaka michache daftari hilo litakionyesha kijiji mvua yake huanza lini na hukatika lini. Nao wazee wakae na waalimu walisome pamoja kabla ya Novemba, ili kila nyumba ijue mapema ipande nini, na ibakize mbegu kiasi gani.