TWAHARA, USAFI NA MAJI YA ZIWA: MAFUNZO KWA NYUMBA NA JIKO

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika somo la Fiqhi tunajifunza kwamba maji ya ziwa ni maji mutlaq: yenyewe ni twahara na yanatwaharisha. Ukitawadha kwayo, udhu wako ni sahihi. Lakini wapo wanaodhani kwamba maji yanayofaa kwa udhu yanafaa pia kunywewa bila kuchemshwa. Hayo ni mambo mawili. Sisi tunaoishi Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria tunapaswa kuyajua yote, maana moja linalinda swala yetu na jingine linalinda uhai wetu.

1. KWA NINI MAJI TWAHARA YAWEZA KUDHURU

Fiqhi inatufundisha kuyatazama maji mengi kwa alama tatu: rangi, ladha na harufu. Vijidudu vya kipindupindu havibadilishi hata moja katika hizo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulifika hadi Mwanza. Mji wetu umejengwa juu ya vilima na miamba, na mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo vya mlimani huteremka mabondeni, ukaingia Mto Mirongo, na mto huo humwaga maji yake ziwani.

Ugonjwa wa pili ni kichocho. Mayai yake hutoka katika kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na vimelea huingia ndani ya konokono wadogo wa majini. Baadaye hutoka humo vikiwa vingi na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kuchota maji au kufua. Hapa tunaona hekima ya Mtume (s.a.w.) kukataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na kutuonya tusijisaidie penye kutekwa maji, njiani na kivulini. Anayetii mafundisho hayo anakata njia ya kichocho.

2. MAJI YA NYUMBANI

(a) Maji ya kunywa yaliyotekwa ziwani yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe. Yakishatokota, yaache yaendelee kutokota kwa dakika moja au zaidi. Ukitumia dawa ya kutibu maji, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri muda uliotajwa.

(b) Yahifadhi katika chombo chenye kifuniko, na kilicho bora ni ndoo yenye koki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayeamka usingizini asitumbukize mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu. Basi tusichovye vikombe na vidole katika maji ya kunywa.

(c) Maji ya kuoga ya ziwani yaache siku mbili katika pipa lililofunikwa, lisilo na konokono. Vimelea vya kichocho vikikosa mwili wa kuingia hufa katika muda huo. Lakini maji hayo bado si ya kunywa.

3. KUONDOA NAJISI SAKAFUNI NA NGUONI

Mtoto akikojoa sakafuni, wengi wetu huchukua tambara na ndoo moja tukapiga deki chumba kizima. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, maji machache, yaani yasiyofika qullatayni, yananajisika pindi najisi inapoingia ndani yake. Qullatayni hukadiriwa kuwa zaidi ya lita 200, na ndoo yetu ni ya lita 20. Ukichovya tambara lenye mkojo humo, ndoo yote imenajisika na unaieneza najisi chumba kizima. Fanya hivi:

Kwanza, kausha mkojo kwa tambara na uliweke kando.
Pili, mimina maji safi juu ya mahali hapo mpaka yapaenee, na rangi na harufu ya mkojo viondoke.
Tatu, kausha kwa tambara jingine. Sasa piga deki kwa sabuni upendavyo.

Nguo nayo ni hivyo hivyo: ondoa najisi yenyewe kwanza, kisha mimina maji juu ya nguo, usiitumbukize katika beseni ikiwa bado na najisi. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na ambaye chakula chake ni maziwa tu, hutosha kunyunyizia maji yakapaenea mahali hapo. Wa mtoto wa kike huoshwa.

4. JIKONI

Sato na sangara ni riziki yetu ya kila siku, na dagaa pia. Ubao na kisu kilichokatia samaki mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji. Baada ya kuosha, waweza kuusuuza ubao kwa dawa ya klorini ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja katika lita 4 za maji, kisha uuache ukauke. Limau huondoa shombo mikononi, na majivu yanatosha kusugulia masizi ya sufuria.

Magamba na matumbo ya samaki yafukie siku hiyo hiyo, maana nzi hawasubiri. Vyombo vianike juu ya kichanja, si chini. Usiku vifunikwe, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo. Anayeishi karibu na ziwa anajua jinsi wale wadudu wadogo wanavyokuja kama wingu la moshi wakajaa kwenye taa na ndani ya sufuria.

5. TAHADHARI

Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki. Hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu. Usiihifadhi katika chupa ya soda au ya maji, mtoto asije akainywa. Na kumbuka: dawa huua vijidudu, lakini haichukui nafasi ya maji katika kuondoa najisi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti kati ya maji twahara na maji salama ya kunywa.
2. Kwa nini tunamimina maji juu ya nguo yenye najisi badala ya kuitumbukiza?
3. Eleza jinsi kujisaidia ufukweni kunavyoeneza kichocho.
4. Nenda nyumbani, mwoneshe mama au mlezi wako hatua tatu za kutwaharisha sakafu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kujitwaharisha, na azikinge nyumba zetu na maradhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.