Mbolea stoo na dumu la dizeli

SWALI: Nina mifuko ya mbolea ya CAN stoo, kando ya dumu la dizeli la mashine ya kumenyea kahawa. Je, italipuka kama Beirut? – Mkulima, Kibosho

JIBU: Lala usingizi ndugu yangu, ila dumu lihamishe leo. Beirut, Agosti 4, 2020, ghala lenye takriban tani 2,750 za amoniamu naitreti lilishika moto, kisha likalipuka. CAN ina amoniamu naitreti hiyohiyo, lakini imechanganywa na chokaa inayoituliza. Maabara hupima wepesi wa kemikali kulipuka kwa kuangushia sampuli uzito, kuisugua na kuipasha joto. Katika vipimo hivyo, amoniamu naitreti safi haishtuki kirahisi kwa kugongwa. Kinachoifanya iwe hatari ni moto na uchafu: mafuta kama hiyo dizeli yako, maranda, pumba. Stoo ikiwaka, usisimame kupiga picha (tunajuana!). Kimbieni mbali, pigeni simu zimamoto, 114.