Shika vidole utulie, lakini usiache tembe

Wiki hii tuangalie tiba moja ya Kijapani isiyohitaji sindano, mafuta wala kifaa chochote, ila mikono yako miwili. Tiba hii inaitwa Jin Shin Jyutsu. Mtu hushika kidole chake au sehemu nyingine ya mwili kwa upole, akavuta pumzi polepole na kutulia. Hasugui, hakandi wala habonyezi.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wasiwasi na kukosa usingizi vinawasumbua wengi wetu tunaoishi mjini, na hii ni njia rahisi ya kujituliza. Pili, kuna wagonjwa ambao wakiambiwa kwamba mikono yao inaponya, huacha kumeza dawa za shinikizo la damu au kisukari. Hapo ndipo jambo zuri linapogeuka kuwa hatari.

Ilikotoka

Mwanzilishi wake ni Jiro Murai, Mjapani aliyezaliwa mwaka wa 1886. Wafuasi wake husimulia kwamba akiwa kijana aliugua sana hata ikadhaniwa hatapona. Alikwenda milimani, akafunga kula na kushika vidole vyake kwa namna mbalimbali, na baada ya siku saba akapata nafuu. Hayo ni masimulizi yao. Si ushahidi wa kitabibu.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mary Burmeister, aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1918 na wazazi wa Kijapani. Alijifunza kwa Murai nchini Japani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kisha akaipeleka sanaa hiyo Marekani na kuifundisha kwa miaka mingi. Alifariki mwaka wa 2008.

Mafundisho yao ni kwamba nguvu za uhai hupita mwilini kama maji mferejini, na kwamba kuna sehemu 26 kila upande wa mwili ambapo nguvu hizo zinaweza kuziba. Burmeister alifananisha mikono na zile nyaya za kuwashia gari ambalo betri yake imeisha.

Kila kidole na hisia yake

Kwa anayeanza, vidole vinatosha. Kila kimoja kimepewa hisia yake:

Kidole gumba: wasiwasi.
Kidole cha shahada: hofu.
Kidole cha kati: hasira.
Kidole cha pete: huzuni.
Kidole cha mwisho: kujilazimisha na kujifanya.
Katikati ya kiganja: kukata tamaa.

Namna ya kufanya

1. Keti vizuri au lala chali. Legeza mabega na taya.

2. Zungushia vidole vya mkono wa kulia kwenye gumba la mkono wa kushoto, kama unavyoshika mkono wa mtoto mchanga. Usikaze.

3. Vuta pumzi kupitia puani bila haraka, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Usiizuie kwa nguvu.

4. Kaa hivyo dakika mbili au tatu, kisha nenda kidole kinachofuata. Ukimaliza, badilisha mkono.

5. Ukiwa na haraka, chagua kidole kimoja tu. Unaweza kufanya hivyo ndani ya matatu au kwenye foleni ya benki bila mtu yeyote kujua.

Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kama kawaida.

Je, inafanya kazi?

Hakuna kipimo cha hospitali kinachoonyesha nguvu hizo za uhai, wala hakuna ushahidi kwamba kidole fulani kinatibu hasira na kingine hofu. Uchunguzi uliofanywa kuhusu tiba hii ni mchache na umehusisha watu wachache.

Hata hivyo, kutulia ni jambo la kweli. Mtu mwenye wasiwasi moyo wake hupiga mbio, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Akiketi kimya na kutoa pumzi taratibu, neva zinazopunguza kasi ya moyo hufanya kazi zaidi, na misuli hulegea. Kidole nacho huipa akili kitu kimoja cha kushughulikia badala ya karo, kodi ya nyumba na maneno ya mkubwa wa kazi.

Pa kuwa mwangalifu

Shinikizo la damu linaweza kushuka kidogo mtu anapotulia. Ndiyo maana kabla ya kupimwa unatakiwa kupumzika kwa dakika tano hivi. Lakini kushuka huko ni kwa muda mfupi. Usione nambari nzuri siku moja ukadhani umepona. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu anaweza kujisikia buheri wa afya huku mishipa yake ikiharibika, hadi siku anapopatwa na kiharusi au figo zinaposhindwa kufanya kazi.

Kwa hivyo meza tembe zako kwanza, kisha ushike vidole vyako. Ukitaka dawa zipunguzwe, zungumza na daktari wako akupime. Usijipunguzie mwenyewe.

Pia, usikae nyumbani ukishika vidole ukiwa na maumivu ya kifua, shida ya kupumua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito. Kimbilia hospitali mara moja. Homa nayo inahitaji kupimwa, kwani huenda ikawa malaria. Na ikiwa huzuni imedumu zaidi ya majuma mawili, huli, hulali, au umeanza kufikiria kujiua, mwambie mtu wa karibu leo hii na umwone daktari. Huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Kwa aliye mzima, au anayeendelea na matibabu yake, mazoezi haya hayana gharama wala madhara. Jaribu usiku huu kabla ya kulala: zima simu, shika gumba lako, utoe pumzi taratibu. Usingizi ukija, vyema. Usipokuja kwa majuma kadhaa, njoo kliniki tutafute kinachokukosesha.