Kompyuta Ikisahau, Tusikimbilie Kununua

Ndugu wanakikundi, kompyuta tuliyoiunganisha wenyewe ikizimika ovyo, ikilia pii-pii bila picha, au ikiharibu faili ya hesabu, tusilaumu virusi tu. Huenda ni memori. Tufanye hivi:

1. Tunakili hesabu kwenye flashi, kisha tuzilinganishe na daftari. Pesa za wanachama si za kubahatisha.

2. Tuzime, tuchomoe waya wa stima, tuguse chuma cha kasha ili kutoa umeme wa mwilini.

3. Tutoe vibao vya memori, tukivishika pembeni. Tusugue meno yake polepole kwa raba safi, tupanguse, tuvirudishe mpaka vishikizo vibane.

4. Bado? Tuwashe na kibao kimoja kimoja, nafasi ileile. Kinachokataa tukijaribu nafasi nyingine. Kikikubali huko, huenda mbovu ni nafasi, si kibao.

5. Tuwashe kwa flashi yenye programu ya MemTest86, tuiache usiku kucha. Kosa hata moja tusilipuuze.

Tukilazimika kununua, twende na kibao cha zamani mkononi: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Tujadiliane: daftari letu liliandikwa lini mara ya mwisho?