Somo la Kilatini: "Mtu fulani" ni nani?

Vijana kadhaa wa ushirika wetu walikuwa wakisoma Kilatini na Filosofia katika sekondari kule Kongo, na madaftari yao yalibaki huko walipokimbia. Kwa ajili yao tunaendelea, leo na viwakilishi vya mtu asiyetajwa jina.

Tuanze na mawili yanayochanganywa sana, aliquis na quidam. Yote mawili yaweza kutafsiriwa "mtu fulani", lakini hayako sawa. Ukisema aliquis venit, kuna mtu amekuja, wala hujui ni nani. Ukisema quidam venit, unamjua, ila jina lake hulitaji. Sisi tuliokaa mbele ya meza ya mahojiano twajua uzito wa jambo hili. "Kuna mtu alichoma nyumba" na "mtu mmoja ninayemfahamu alichoma nyumba" ni maelezo mawili. Mkalimani akiyafanya kuwa moja, msemaji ataonekana mwongo. Katika mifano ya Luka, Biblia ya Kilatini hutumia quidam pale ambapo yetu husema "mtu mmoja".

Sasa maumbo. Katika aliquis, mwanzo ali- haubadiliki, mwisho ndio hubadilika: aliquis (mtenda), alicuius (mwenye mali), alicui (mpewa), aliquem (mtendwa), aliquo (ablativu). Kitu ni aliquid. Quidam ni kinyume, mkia -dam hukaa vilevile: quidam, cuiusdam, cuidam, quendam, quodam. Mbona quendam, si quemdam? Ile m imegeuka n kwa sababu ya d inayoifuata. Nasi twasema nyumba ndefu, lakini nyumba mbaya: sauti hufuata jirani yake.

Baada ya si, nisi, num na ne, aliquis huvua ali-. Hivyo si quis ni "ikiwa mtu". Vitabu vingi huweka kanuni hii mwishoni. Sisi twaona ingefaa kutangulia, maana hutumika mno.

Quisquam, "mtu yeyote", hupenda sentensi za kukana: nec quisquam venit, wala hakuja mtu yeyote. Halina wingi. Quisque ni "kila mtu": cuiusque, cuique, quemque.

Zoezi: andikeni kwa Kilatini, mkitumia pulsat (anabisha hodi) na aperi (fungua):
"Mtu mmoja ninayemjua anabisha hodi."
"Ikiwa mtu anabisha hodi, fungua."
Majibu tupeni Jumapili baada ya ibada.