Kisima si Mtungi: Maji ya Chini ya Ardhi na Vitenzi Tuvitumiavyo

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili akiulizwa kwa nini kisima chake hakitoi maji tena, aghalabu atajibu, "Kimekauka." Ikiwa anaishi mwambaoni, na maji yapo ila hayanyweki, atasema, "Kimeingia chumvi." Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, hazina mtenda. Kisima kimewekwa mahali pa kiima kana kwamba jambo lilizuka lenyewe. Makala haya yanadai kwamba uzoevu huu wa lugha unatuficha jinsi maji ya chini ya ardhi yanavyopungua na kuchafuka, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana kazi katika suala ambalo tumezoea kuwaachia wahandisi. Mifano itatoka zaidi katika mwambao wa Kenya. Huko msamiati wa visima umekita mizizi, na huko pia maji matamu na maji ya chumvi hukaa karibu mno.

Maji tusiyoyaona

Kamusi hulieleza neno kisima kuwa shimo lililochimbwa ili kupata maji. Fasiri hiyo haina makosa, lakini humfanya msomaji afikirie chombo: mtungi mkubwa uliozikwa, wenye maji yake peke yake. Sitiari zetu nazo zimefuata njia hiyo. Tunasema fulani ni kisima cha hekima, tukimaanisha hekima isiyokwisha. Uhalisi ni mwingine. Mvua inaponyesha, sehemu ya maji hupenya mchanga na nyufa za miamba mpaka yakafika mahali ambapo kila tundu limejaa maji. Kisima ni dirisha tu la kuyachungulia maji hayo. Jirani akichimba chake hatua hamsini kutoka hapo, huenda anayachungulia maji yale yale. Naye akifunga pampu yenye nguvu, ndoo ya mwenziwe ndiyo itakayogusa tope kwanza.

Mwambaoni na visiwani kuna jambo la ziada. Karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya chini ya nchi kavu. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Ya bahari ina takriban kilo 1.025. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walifikia kanuni moja kila mtu kivyake: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Msomaji asiipite hesabu hii haraka. Watu wakiyashusha maji kwa mita 1 na hali hiyo ikadumu, maji ya chumvi yaliyo chini hupanda, taratibu, kuelekea mita 40. Chumvi, basi, haikuingia. Ilivutwa.

Gede na Shela

Mji wa Gede, uliomo katika Kaunti ya Kilifi na ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ulistawi kwa karne kadhaa kisha ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman, aliyeanza kuufukua mwaka 1948, na watafiti waliomfuata wametaja sababu mbalimbali: uvamizi wa Wazimba, msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini, kuhamia Mombasa kwa watawala wa Malindi. Miongoni mwa sababu hizo imo ya maji. Kisima kimoja cha huko kinaonyesha kwamba kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, ishara kwamba maji yalikuwa yakiwakimbia wenyeji. Sioni haki kukitwika kisima kimoja uzito wa mji mzima. Lakini yeyote anayefundisha historia ya Waswahili kwa kutaja misikiti, kaure za China na majumba ya mawe pekee, huku visima akivipita kama mapambo ya uani, anafundisha nusu ya habari.

Lamu inatupa mfano ulio hai. Mji huo umetegemea kwa muda mrefu visima vya Shela, kwenye machuguu ya mchanga. Mchanga huo hunywa mvua, huichuja, na kuihifadhi juu ya maji ya chumvi. Kwa mtazamaji ni mandhari tu, na kwa mnunuzi wa viwanja ni ardhi tupu inayosubiri nyumba. Kwa kweli ndilo tangi la mji. Anayejenga juu yake huzuia mvua isipenye, na mashimo yake ya maji taka huyafuata maji mle mle yalimohifadhiwa.

Uchafu

Katika Mombasa hali ni nzito zaidi. Jiji hupata maji yake ya bomba kutoka mbali: chemchemi za Mzima na Marere, na visima vya Tiwi na Baricho. Maji hayo hayatoshi, hivyo wakazi wa Kisauni, Likoni na kisiwani kwenyewe huchota visimani au hununua mitungi ya mikokoteni. Mwamba wa matumbawe umejaa matundu, na aghalabu kisima na shimo la choo vimo katika kiwanja kimoja. Maji hupita katika matundu hayo upesi bila kuchujwa. Wengi huamini kwamba kuyachemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi naitreti itokanayo na kinyesi. Maji yakipungua kwa mvuke, naitreti huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa sababu kinachozidi hapo kinaweza kuizuia damu ya mtoto mchanga isibebe oksijeni. Mama anayemkorogea mtoto maziwa ya unga kwa maji aliyoyachemsha kwa uangalifu hawezi kulijua hilo kwa kuonja. Hapana budi maji yapimwe.

Mnyambuliko na sheria

Turejee kwenye vitenzi. Kiswahili hakikosi nyenzo za kumtaja mtenda. Penye kauka pana kausha. Penye pungua pana punguza. Penye chafuka pana chafua. Tofauti kati ya "maji yamekauka" na "tumeyakausha maji" ni kiambishi kimoja cha usababishi, nacho hutosha kubadilisha mjadala wa baraza zima la kijiji. Jambo la kwanza huombewa dua. La pili huulizwa maswali.

Kimilikishi nacho kina mushkili. "Kisima changu" ni kauli ya kweli kuhusu shimo, si kuhusu maji. Sheria ya Maji ya 2016 huiweka rasilimali ya maji mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya umma, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo itoayo vibali vya kuchimba visima virefu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha. Sijui tutaielezaje haki hiyo kwa mwenye pampu ikiwa lugha tunayomwendea nayo imekwisha kumpa maji yote yaliyo chini ya kiwanja chake.

Istilahi

Wataalamu wengi huandika "akwifa" kwa tabaka la mwamba au mchanga lishikalo maji. Silipingi neno hilo; limekubali sauti zetu. Hata hivyo, halimwonyeshi mchota maji chochote. Napendekeza tuanze kwa waliokwisha kuyafikia maji hayo kwa mikono. Wachimba visima wa Kwale, Kilifi na Lamu hutambua tabaka la ardhi kwa rangi na kwa mlio wa sururu. Ukambani nako wapo wajengao mabwawa ya mchanga: ukuta hukingamishwa mtoni, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa kati ya chembe zake yasikaushwe na jua. Watu hawa wana majina ya kazi yao, na mengi yao hayajaingia kamusini. Likizo ijayo, wanachama wanaotoka sehemu hizo waende na daftari, wayaandike maneno hayo pamoja na sentensi kamili yalimotumika, kisha wayalete katika kikao cha istilahi kabla mitambo ya kutobolea haijawanyima wazee hao kazi na wanafunzi wa kuirithi.